Fatiha Tuliyomsomea Mwalimu Sefu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ile Mwalimu Sefu aliposimama kwenye kibaraza cha ofisi ya kata, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, kisha akatuambia kwamba hagombei tena udiwani.

Nakuhadithia haya kwa sababu nimewasikia juzi. Mlikuwa mmekaa ukumbini kwangu, wewe na wenzako, mnalaumiana kwa kuwa mtu wenu amejitoa kwenye kura za maoni. Nusu yenu mnataka kwenda alikowaelekeza, nusu mnataka kususa mbaki nyumbani, na mlipiga kelele mpaka chai ikapoa. Sikutaka kuingilia. Nikiingilia maneno ya vijana huwa naambiwa nimeze dawa nikalale. Leo mmetulia, na mimi miguu hainiumi sana, basi nipe sikio.

Tulikuwa tukikaa upande wa kusini wa mto, njia ya kwendea Mwera. Hospitali ilikuwa ng'ambo, Pangani mjini, na ili ufike huko ulivuka kwa pantoni pale Bweni. Pantoni ikiwa nzima, mafuta hakuna. Mafuta yakipatikana, kipuri hakuna. Ndivyo nchi nzima ilivyokuwa, na sina wa kumlaumu. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, tukaingia kwenye miaka ya kila mtu kuruhusiwa kuuza anachotaka. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, maduka ya watu yakajaa, na ushirika wetu ukafa polepole bila hata kuwekewa matanga. Kilichobaki ni ghala lake, jengo refu la mawe ambamo zamani ziliwekwa mbata kabla ya kupelekwa Tanga. Mbata ni nazi zilizokaushwa, nakwambia wewe uliyekulia mjini na kuzijua nazi za kukuna tu.

Sasa dada yangu Mwanahamisi. Mwaka mmoja kabla ya siku ile ya kibaraza alishikwa na uchungu asubuhi. Tukamweka juu ya mkokoteni wa ng'ombe, tukamfikisha Bweni, tukaikuta pantoni imelala ukingo wa pili na haina habari na mtu. Hadi tulipompata mwenye mtumbwi aliyekubali kutuvusha, jua lilikuwa limeshakuwa kali, na mtoto akazaliwa hospitali akiwa ameshakufa. Nililia mimi kuliko yeye. Mwanahamisi hakulia. Alikaa kimya siku nyingi, na kila aliponiona aliniuliza kama nguo za mtoto nimezianua. Wakati huu ninaokuhadithia alikuwa na mimba nyingine, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na mimi nilikuwa nikiliangalia lile tumbo kwa hofu ambayo sikumwambia mtu.

Ndiyo maana suala la udiwani lilituingia wanawake kuliko wanaume. Halmashauri ilikuwa inakaribia kuamua lile ghala apewe nani. Sisi tulitaka liwe zahanati yenye chumba cha kujifungulia, upande wetu huuhuu, mto usituhusu tena. Mwalimu Sefu alikuwa amenifundisha hata mimi kusoma, na watoto wa wale niliosoma nao alikuwa akiwafundisha bado. Akasema akiwa diwani ghala litakuwa zahanati. Mtu mpole, kanzu yake safi daima, akizungumza unasikia raha. Tukampenda, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya kweli.

Mimi na wanawake wengine wachache tulikuwa wajumbe, tuliotakiwa kupiga zile kura za maoni za chama. Waliobaki hawakuwa wajumbe, lakini walitusukuma nyuma kama watu wanaosukuma lori lililozima. Alasiri tulikuwa tukikusanyika uani kwa Bi Kibibi, kila mtu na ukili wake wa mkeka anausuka. Bi Kibibi ndiye aliyekuwa somo yangu, aliyenifunda nilipoolewa, na kwetu somo ni mtu ambaye hata ukiwa na wajukuu huwezi kumjibu ovyo. Siku moja akatuambia tuweke ukili chini. Tukainua mikono, akatamka nia, tukamsomea Fatiha Mwalimu Sefu.

Huku kwetu, mwanangu, jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Posa inasomewa, kiwanja kikiuzwa kinasomewa, ndugu waliogombana wakipatana wanasomewa. Ukirudi nyuma baada ya hapo unaonekana mtu ovyo, na wako wanaoamini kwamba unaweza kudhurika. Tulipotoka pale kwa Bi Kibibi kila mmoja wetu alijua kwamba kura yake ina mwenyewe.

Waliokuwa wakigombea naye walikuwa wawili. Mmoja Bwana Mbaraka, mfanyabiashara wa mbata, mwenye lori. Mtu wa watu kwelikweli. Kwenye msiba mchele wake ulitangulia kufika kuliko yeye, na mtoto akimsalimia njiani alisimama kumwitikia. Wa pili Zakaria. Baba yake alikuja kutoka mbali kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, akasoma, akawa karani wa shamba mpaka shamba lilipofungwa. Alikuwa Mkristo, jambo ambalo halikuwa kubwa kama mnavyodhani nyinyi, kwani tulikuwa tukizikana na kualikana, lakini siwezi kusema halikutajwa. Lililotukera hasa ni ulimi wake. Mkutanoni alimwita Mwalimu Sefu mzee wa maneno matamu, na sisi wanawake akatuita makasuku wa mwalimu, mbele ya waume zetu. Tulirudi nyumbani tumevimba.

Sasa siku hiyo ya kibaraza. Tulidhani tumeitwa kupangiwa tarehe ya kura. Mwalimu akaipangusa miwani yake, akasema, "Ndugu zangu, nimefikiri sana. Nimeamua kumpisha ndugu yangu Mbaraka. Nawaomba zile kura mlizoniwekea mimi, mumpe yeye. Ni kama mmenipa mimi."

Bwana Mbaraka alikuwa nyuma yake, ameweka mkono kifuani kwa heshima. Baadhi ya watu wakapiga makofi kwa kuwa hawakujua la kufanya. Kwa nini alijitoa? Wapo waliosema ameahidiwa kitu, wapo waliosema ni ugonjwa, wapo waliosema ni ujamaa wa ndoa uliokuwa baina yao. Mpaka leo sijui, na nimeacha kutaka kujua.

Alasiri ile uani kwa Bi Kibibi ukili haukusukwa. Mwenzetu mmoja, Bi Tatu, aliyekuwa mjumbe kama mimi na mwenye sauti kuliko sote, alisema jambo liko wazi. "Tumemsomea Fatiha. Mwenyewe kasema tumfuate Mbaraka. Tukikataa tumeivunja Fatiha, na mie sivunji Fatiha kwa ajili ya udiwani."

Wengine wakasema afadhali tusiende kabisa, wapigiane kura wanaume. Mimi nilikuwa upande huo. Nilikuwa nimeumia, mwanangu, wala si kwa siasa. Niliona kama nimeachwa njiani na mtu niliyemwamini, na nilitaka kulala nijifunike kanga mpaka uchaguzi upite. Zakaria hakutajwa na mtu yeyote. Alikuwa kama hayupo duniani.

Bi Kibibi alituacha tukaropoka mpaka tukachoka. Kisha akauliza, "Hebu n'ambieni. Kijana keshaposa, keshakubaliwa, mara arudi aseme haoi tena. Sawa, hutokea. Sasa huyo kijana aweza kumshika binti mkono, akampa rafikiye, akasema muoe huyu, ni kama kaolewa na mie?"

Tukacheka, hata Bi Tatu akacheka.

"Hawezi, Bi Kibibi."

"Kwa nini hawezi?"

"Binti ana kwao."

"Basi na nyie mna kwenu. Sefu karudisha posa. Tumshukuru, tumuombee heri, akae salama. Lakini asitupe kwa rafikiye kama bakuli la futari lipitishwalo kwa jirani."

Bi Tatu hakukubali upesi. Akasema, "Na Fatiha je, somo? Tuliinua mikono sote hapa hapa."

Bi Kibibi akamgeukia. "Haya. Nilitamka nia gani siku ile? Nani aikumbuka?"

Nilijaribu kukumbuka nikaona mikono yetu tu na sauti yake. Tulikuwa tumekwenda pale na jina la Sefu vichwani, na hakuna aliyesikiliza maneno yaliyotangulia. Mimi nikadhani nia ilikuwa Sefu ashinde, ndiyo niliyokuwa nayo moyoni.

Aliyejibu ni Mwanahamisi. Alikuwa kaegemea ukuta, miguu kainyoosha kwa sababu ya kuvimba, na alasiri nzima hakuwa amefungua kinywa. Akasema, "Ulisema, kwa nia Mwenyezi Mungu atujaalie pahala pa kuzalia upande huu wa mto, wanawake wasife wala watoto wasife. Ndo ukasema, na amwezeshe mja wake Sefu kwa hilo."

Mimi nilishindwa kumwangalia. Sote tulikuwa tumesoma Fatiha ya kumpeleka mtu kwenye kiti, yeye peke yake alisoma ya mahali pa kuzalia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa Bweni juani akiisubiri pantoni.

"Ahsante, mwanangu," Bi Kibibi akamwambia. Kisha akatugeukia sisi. "Sefu alikuwa njia. Njia imeziba. Sasa kesho tunakwenda kuwauliza hawa wawili, ghala mwalitakia nini? Hatuulizi jingine."

Asubuhi tukaenda kwa Bwana Mbaraka, Mwanahamisi naye pamoja nasi. Alitupokea kama wageni wa arusi, viti vikatolewa, soda zikafunguliwa, na halua ya Tanga ikaletwa kwenye sahani. Bi Kibibi akamuuliza. Nakwambia kwa haki, mwanangu, hakutudanganya. Alisema, "Mama zangu, ghala nimeliomba mimi, niweke mbata. Biashara ikisimama, ushuru utapatikana, na huo ushuru ndo utakaojenga zahanati mpya, ya kisasa, si kutia wagonjwa kwenye ghala linukalo mafuta ya nazi."

"Lini, mwanangu?" Bi Kibibi akauliza.

"Mungu akijaalia, bibi."

Tukamuaga vizuri. Maneno yake hayakuwa ya kipumbavu, na wapo wasomi ambao wangekubaliana naye. Lakini nilipotoka pale nilitazama tumbo la dada yangu, nikajua kwamba mimi sina muda wa kuingoja biashara ya mtu isimame.

Tukaenda kwa Zakaria. Tulimkuta nje kwake, kapindua baiskeli anaziba pancha. Hakuinuka. Alimwamkia Bi Kibibi shikamoo, hilo alilifanya, kisha akasema, "Leo makasuku wamekosa mti wa kutua?"

Bi Tatu akageuka aondoke, Bi Kibibi akamshika kanga. "Tumekuja kuuliza, baba, hatukuja kutukanwa. Ghala walitakia nini?"

"Ghala ni zahanati," akasema. "Nilisema siku ya kwanza, mkanizomea kwa sababu hakusema mwalimu wenu. Mke wangu alimzaa mtoto wetu wa kwanza ndani ya lori la mkonge, mama. Kwenye turubai. Mimi siwezi kusahau hilo hata mkininyima kura zote. Mkinipa, sawa. Msiponipa, nitakwenda halmashauri kupiga kelele nikiwa mtu wa kawaida." Akaendelea na pancha yake.

Hakuomba radhi. Hakutukaribisha kukaa. Njiani Bi Tatu alikuwa akifoka, "Mtu gani huyu, hata maji hakutupa!"

"Maji tunayo nyumbani," Bi Kibibi akasema.

Mimi nikamsogelea somo yangu, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nashindwa. Huyu mtu alitudhalilisha mbele ya watu, na Mwalimu ni mwalimu wangu, nitamtazamaje? Akanijibu bila kupunguza mwendo. "Katutukana, ndio, na akishinda tutamnunia. Mie mwenyewe nitakuwa wa kwanza kununa. Lakini tumnunie hali zahanati tunayo. Ama wewe wataka umnunie, na zahanati uikose?"

Hapo nilicheka mwenyewe, na kicheko kile kilinipa nafuu.

Siku ya kura Mwalimu Sefu alisimama mlangoni pa darasa tulimopigia kura, akitupokea mmoja mmoja kwa majina. Nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia, "Marahaba. Usiniangushe." Nikajiona kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Ningekudanganya nikisema niliingia mle kwa ushujaa. Niliingia kwa hofu, na nikampigia Zakaria kwa hofu vilevile, nikatoka kwa mlango wa pili ili nisimpitie tena mwalimu wangu.

Bi Tatu alimpigia Mbaraka, na alisema waziwazi mbele yetu sote. Alisema roho yake haikukubali kumpa mtu aliyemtukana. Hatukugombana naye. Alasiri alikuja na ukili wake kama kawaida, akakaa pale anapokaa siku zote.

Zakaria alishinda kwa tofauti ndogo, na ulipokuja uchaguzi wenyewe akashinda tena. Usifikirie alibadilika akawa mtamu. Aligombana na mwenyekiti wa halmashauri, akagombana na bwana afya, akagombana na wenye maduka. Ushuru wa nazi ulipopanda aliukubali, na sisi tukamchukia kwa hilo, na kipindi kilichofuata tukampa mtu mwingine. Kununa alikokusema Bi Kibibi, tulinuna kweli, tena kwa zamu. Lakini ghala hakuliachia. Lilipigwa chokaa, likatiwa madirisha, akaletwa mkunga, na vikapatikana vitanda, japo magodoro yalichelewa na harufu ya mbata haikutoka kabisa mpaka leo ukiingia siku ya mvua.

Ningependa kukwambia kwamba Mwanahamisi alizalia pale. Hakuzalia pale. Tumbo halikungoja vikao vya halmashauri. Tulimvusha mapema pantoni ikiwa bado inakwenda, akakaa Pangani kwa shangazi yetu, akajifungua salama mtoto wa kike. Nilipompakata yule mtoto nililia tena, safari hii kwa furaha, na Mwanahamisi naye akalia. Mwanamke wa kwanza kuzalia ghalani alikuwa mkwe wa Bi Tatu. Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyemleta, kamshika kiuno, huku akimfokea kila mtu aliyesimama mlangoni apishe njia.

Mwalimu Sefu nilikutana naye miaka mingi baadaye, ameshastaafu, akisubiri gari la kwenda Tanga. Nikamwamkia, tukazungumza habari za watoto. Kisha akasema, kwa upole uleule wa zamani, "Lakini siku ile mlinigeuka, binti yangu."

Nikamjibu kwa heshima zote, maana alikuwa mwalimu wangu na bado nampenda. "Hapana, mwalimu. Sisi tulibaki palepale ulipotukuta. Wewe ndiye uliyeondoka."

Akaivua miwani, akaishika tu mkononi, akasema, "Ni kweli." Gari lake likaja, nikamsaidia kupandisha mkoba.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na si nyingi. Mtu mliyempenda akijitoa, msimtukane. Huenda ana lake ambalo hamlijui, na kumtukana hakumrudishi. Lakini kura mliyomwekea hakuinunua wala hakuirithi, hivyo hana ruhusa ya kumpa mwingine. Irudisheni mikononi mwenu. Kisha jiulizeni kilichowapeleka kwake tangu mwanzo, mkitamke kwa maneno, kwa sauti, mbele ya wenzenu, kwa sababu mtu akikaa sana na jina la mtu kichwani hukisahau alichokuwa akikitaka. Mkishakitamka, nendeni kwa waliobaki mkawaulize hicho na si kingine. Yawezekana atakayewajibu vizuri ni yule msiyempenda, asiyejua kusalimia, asiye wa dini yenu wala kabila lenu, aliyewakera juzi jukwaani. Mezeni mate mumpe. Na akiharibu baadaye, mwondoeni bila haya, kwa kuwa hamkumuoa. Na kususa, mwanangu, kuacheni. Mimi nilikuwa nusu ya kususa, na ningesusa ningekuwa nimemwachia dada yangu ukingo wa Bweni kwa mara ya pili, na mwenyewe nimelala najifunika kanga.

Na katikati yenu yupo mmoja ambaye jambo lenyewe limemgusa mwilini. Huwa hasemi sana. Juzi ukumbini kwangu mlipiga kelele nyote, na huyo nilimwona kakaa kwenye kona karibu na mlango, na hakuna aliyemgeukia. Kamuulizeni yeye kwanza.

Mungu akupe moyo wa kusikiliza na miguu ya kwenda kuuliza. Akukinge na hasira inayokufungia ndani, na mapenzi yanayokuziba macho. Watoto wenu wazaliwe karibu na nyumbani, wakiwa hai, na mama zao wakiwa hai. Amin, mwanangu. Sasa nenda kamwite huyo mwenzenu wa mlangoni, mwambie bibi amemwekea chai ya moto.